Maji na Upepo Ndani ya Gari Kuukuu: Jinsi ya Kulitafuta Tundu

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Dar es Salaam mnamo mwezi Machi, gereji za Kinondoni na Temeke hupata wageni wa aina moja. Ni magari ya miaka mingi ambayo injini zake hazina kasoro na breki zake zashika barabara, lakini zulia lake limelowa, kioo cha mbele kinafanya ukungu kwa ndani, na gari zima linanuka kama nguo zilizofuliwa zikasahauliwa ndooni. Aghalabu mwenye gari huongeza lalamiko la pili: likishika mwendo, upepo hulia karibu na sikio lake hata asiweze kusikia redio. Hutamka malalamiko hayo kama mambo mawili. Fundi naye huyajibu kwa dawa moja, yaani bomba la silikoni, akipaka kila anapopatilia shaka. Baada ya juma moja zulia limelowa tena.

Kosa la fundi huyo si la mikono bali ni la hoja. Amedhani kwamba maji yaliyoonekana mahali fulani yameingilia hapo, na kwamba sauti iliyosikika upande fulani imezaliwa huko. Katika magari, dhana zote mbili kwa kawaida si kweli. Fundi wa pancha aliyekaa kando ya Barabara ya Kilwa na karai lake la maji hafanyi kosa hilo. Yeye hamwulizi mwenye baiskeli tundu liko upande gani. Huujaza mpira upepo, akauzamisha, akangoja povu limwonyeshe. Makala haya yanaeleza jinsi ya kulifanyia gari zima kazi ile ya karai, na kwa nini tundu dogo la nyuma, lisilolowesha zulia wala kupiga mluzi, laweza kuwa la hatari kuliko yote.

Uchukuliwe mfano wa gari la mbio lililojulikana sana Afrika Mashariki, Datsun 240Z. Lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969, likiwa na injini ya silinda 6 yenye ujazo wa karibu lita 2.4, boneti ndefu, na mlango mmoja mpana wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Mwaka 1971 lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Lilishinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Gari lililotengenezwa wakati huo sasa limepita umri wa miaka 50. Injini yake yaweza kufumuliwa ikafanywa mpya. Raba zake za milango, za vioo na za taa hazifumuliwi. Jua la pwani na hewa ya ozoni huzikausha na kuzipasua, na kule kubanwa miaka yote huzifanya zikae bapa, zisiweze tena kurudi katika unene wake. Na idhaniwe kwamba gari kama hilo ni la mkazi wa Tandika, kwamba zulia la upande wa kushoto hulowa kila mvua inyeshapo, na kwamba upepo hulia upande wa kulia, penye usukani.

Kwanza msomaji apime wingi wa maji yenyewe. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Gari hilo lina urefu wa mita 4.1 na upana wa mita 1.6, yaani eneo la mita za mraba 6 na nusu hivi. Mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu katika alasiri moja ya Aprili, humwaga juu yake lita 130, zaidi ya ndoo sita kubwa. Hakuna gari lililotengenezwa kwa kusudi la kuyazuia maji yote hayo yasipenye popote. Lililokusudiwa ni kuyaongoza. Milango, kwa mfano, huruhusiwa kuingiza maji. Kioo kinapopanda na kushuka, maji huteremka kando yake hadi ndani ya tumbo la mlango, yakatoka kwa vitundu vilivyo chini kabisa. Kati ya tumbo hilo na ubao wa ndani pana karatasi ya nailoni iliyogandishwa ili maji yasigeukie upande wa abiria.

Hapa ndipo matatizo mengi yanapoanza, na si kwa sababu ya uzee. Mtu akitaka kufunga spika za redio, ubao hufunguliwa, nailoni huchanwa, na haionekani tena. Mwingine akiona kutu katika ukingo wa mlango hupaka lami au silikoni chini yake na kuviziba vile vitundu. Mlango hugeuka kuwa ndoo. Mwenye gari akisikia maji yakicheza anapokata kona, basi gari lake halina tundu la ziada. Limepungukiwa na matundu liliyokuwa nayo.

Nguvu zinazoyasukuma maji hadi pasipopaswa ni tatu. Ya kwanza ni uzito, nayo haihitaji maelezo. Ya pili ni tabia ya maji kupanda penye nafasi nyembamba, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Kati ya mabati mawili yaliyolowa vizuri na kuachana kwa milimita 1, maji yanaweza kupanda sentimita 1.5. Yakiachana kwa sehemu ya kumi ya milimita, yanaweza kupanda karibu sentimita 15. Kadiri ufa unavyokuwa mwembamba ndivyo maji yanavyokwea juu zaidi. Kwa sababu hiyo fundi anayeugonga mshono kwa nyundo ili aukaribishe huenda akauzidishia unyevu. Maji yaliyokwea hivyo hayatiririki yenyewe kutoka juu ya ufa. Hukaa humo siku nyingi baada ya mvua kukatika, pamoja na chumvi iletwayo na upepo wa bahari, yakila chuma. Kutu nayo ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huyasukuma mabati yaachane, na ufa huwa mlango.

Nguvu ya tatu ni upepo wa mwendo, na hii ndiyo inayoliunganisha lalamiko la kwanza na la pili. Kanieneo, yaani kani inayolemea kila kipande cha eneo, huongezeka hewa inaposimamishwa na kitu. Ongezeko hilo ni nusu ya uzito-wiano wa hewa ukizidishwa na mraba wa mwendo. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ni mita 22 kwa sekunde, na kwa hewa ya joto ya Dar es Salaam yenye kilo 1.15 katika kila mita ya ujazo, jawabu ni paskali 280 hivi. Likilinganishwa na kanieneo ya angahewa, ambayo ni paskali 100,000 na zaidi, jawabu hilo laonekana si kitu. Lakini paskali 280 hutosha kuinua maji kwa karibu sentimita 3. Chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo hewa hugonga na kukwama, kanieneo huweza kufikia nusu ya kiasi hicho, sawa na maji yenye kina cha sentimita 1.4. Raba yenye mdomo wa sentimita moja huyazuia maji gari likiwa limesimama uani, ila haiyazuii gari likiwa barabarani. Ndiyo maana gari laweza kuoshwa gereji asubuhi nzima lisivuje hata tone, na jioni lirudi limelowa.

Kwenye nguzo za pembeni mwa kioo cha mbele mambo ni kinyume. Hapo hewa hupinda na kuongeza mbio, na kanieneo hushuka chini ya ile iliyomo ndani ya gari. Kioo cha mlango huvutwa nje. Hata ikiwa tofauti ni paskali 140 tu, kioo chenye eneo la theluthi ya mita ya mraba huvutwa kwa kani ya niutoni 45 hivi, sawa na uzito wa kilo 4 na nusu. Fremu nyembamba ya mlango wa 240Z hupinda kidogo, mdomo wa raba huachana na bodi, na hewa ya ndani huponyoka kwa sauti ya «sss». Kwa hiyo mlio huo mara nyingi ni wa hewa inayotoka, wala si inayoingia. Sauti ya namna hii huongezeka upesi mno, kwani kwa kadiri hufuata kipeo cha sita cha mwendo. Kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa nguvu yake huwa mara 64, ambazo ni desibeli 18. Mwenye gari asemaye kwamba kelele «zilianza ghafula» hasemi uongo. Zilikuwapo, ila injini ilikuwa imezifunika.

Kabla ya kugusa raba yoyote, ni lazima kuhakikisha kwamba kelele ni za upepo. Dereva ashike mwendo uleule, kisha abadilishe gia. Mlio ukibadilika, chanzo ni injini au gia. Ukibadilika gari linapotoka kwenye lami nzuri na kuingia penye kokoto, chanzo ni matairi. Ukibadilika kati ya kwenda na kurudi katika njia ileile, kwa mfano kutoka Mwenge hadi Tegeta wakati upepo wa bahari unavuma ukilikata gari ubavuni, hapo shaka huanza kuwa ndogo.

Kisha mtu mwingine aendeshe mahali pasipo na msongamano, na msikilizaji akae kando yake. Milango, kioo cha mbele na matundu ya taa hufunikwa kwanza kwa utepe wa karatasi wanaoutumia mafundi wa rangi. Ikiwa kelele zimetoweka, utepe huondolewa kipande kimoja, gari huendeshwa tena, na matokeo huandikwa. Ni kazi ya kuchosha, na mafundi wengi hupendelea kuondoa vipande vitatu kwa mkupuo. Anayefanya hivyo kelele zikirudi hajui ni kipande gani kilichozirudisha, na mwanafunzi aliyewahi kufanya jaribio la fizikia akabadilisha vigeu viwili kwa wakati mmoja atamwelewa.

Gari likiwa limesimama kuna njia tatu nyepesi. Paka unga wa chaki kwenye raba ya mlango, funga, fungua, utazame ukingo wa bodi: mahali ambapo mstari wa chaki umekatika, raba haifiki. Au funga mlango juu ya kipande cha karatasi na ukivute. Kinapotoka bila kukaza, hapana mgandamizo. Ya tatu ni nzuri kuliko hizo. Vioo vyote hufungwa, feni ya gari huwashwa kwa nguvu zake zote ili hewa ijae ndani, na kijiti cha udi kilichowashwa huzungushwa taratibu nje ya kila ukingo, mbali na kifuniko cha tangi la petroli. Moshi wa udi unaopanda wima hugeuka mara ufikapo penye upenyo. Asiyependa moto atumie povu la sabuni.

Katika gari la mfano wetu, chaki ingekatika kwa urefu wa kiganja kwenye kona ya juu ya mlango wa kulia. Raba zinazouzwa kwa mita Gerezani na Kariakoo zaweza kufaa, ila unene wake upimwe kabla ya kununuliwa. Raba nene kupita kiasi huusukuma mlango nje upande wa chini, na fremu ya juu ikazidi kuachana na bodi. Kelele huzidi kuliko mwanzo, na lawama huangukia raba.

Sasa yatafutwe maji. Zulia na viti hutolewa, sakafu hukaushwa na kutandikwa magazeti. Magazeti hayadanganyi: tone la kwanza huacha doa lenye ukingo. Mmoja hukaa ndani na tochi. Mwingine hushika mpira wa maji usio na bomba la kubana, maji yakimwagika polepole kama mvua. Mashine za kuoshea magari kwa msukumo mkubwa hazifai hapa, maana hupenyeza maji hata katika raba nzima na kuleta ushahidi wa uongo. Jambo la kuzingatia kuliko yote ni kuanzia chini. Maji yakimwagwa juu ya paa, yatapita katika kila mshono ulio chini yake, na jawabu litakuwa ni «mahali fulani». Mwagia ukingo wa chini wa mlango kwa dakika tano, usubiri, kisha katikati, kisha kioo, kisha paa.

Na anayekaa ndani asitazame sakafu. Maji hushikamana na upande wa chini wa bati na wa waya kama chai inayofuata mdomo wa birika badala ya kuanguka kikombeni. Yaweza kuingia katika kona ya kioo, yakafuata fungu la nyaya nyuma ya dashibodi, yakadondoka mita nzima kutoka hapo. Bati likinyunyiziwa unga wa chaki, njia yake itaonekana.

Mkazi wetu wa Tandika angeona mlango wa kushoto ukitoa matone machache tu, kwa sababu nailoni yake ilichanwa. Lakini maji yakielekezwa kwenye matundu yaliyo kati ya boneti na kioo cha mbele, sakafu ingejaa. Chini ya matundu hayo pana sanduku la bati linalopokea hewa safi ya abiria, nalo lina mifereji ya kutolea maji pembeni, nyuma ya madigadi ya mbele. Gari linaloegeshwa chini ya mkungu au mwembe hupokea majani mwaka mzima. Majani huoza, mifereji huziba, sanduku hujaa, na maji humwagikia ndani kwa njia iliyotengenezwa kwa ajili ya hewa. Mfereji husafishwa kwa waya na maji. Silikoni yote iliyopakwa kuzunguka kioo ilikuwa kazi bure. Ikiwa mifereji ni mizima na maji bado yaingia, sanduku lenyewe limetoboka kwa kutu, na hiyo ni kazi ya fundi bodi.

Sakafu ikilowa hata siku za kiangazi, mvua isisingiziwe. Mashine ya kupoza hewa huyageuza mvuke wa pwani kuwa maji mengi, na bomba lake la kutolea likiziba, maji hayo huishia zuliani. Maji yenye utelezi na harufu tamu ni ya rejeta, kutoka kwenye kipasha joto kilichosahauliwa nyuma ya dashibodi.

Limebaki tundu la nyuma. Kila aliyesafiri katika gari lenye mlango wa nyuma kwenye barabara ya vumbi anajua kwamba vumbi huingilia huko ingawa gari linalikimbia. Nyuma ya gari hewa huvurugika na kanieneo hushuka, kwa hiyo vumbi hufuata. Pamoja nalo hufuata moshi wa ekzosi. Vioo vya mbele vikifunguliwa, kama ilivyo desturi kwa sababu ya joto, hewa ya ndani hunyonywa nje na nafasi yake hujazwa kutoka nyuma, kwa njia ya raba kuukuu ya mlango wa buti na gaskiti za taa. Wenye 240Z wanaijua sana kasoro hii.

Injini ya kabureta isiyo na kichujio cha kikemikali hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Harufu ya petroli ambayo haijaungua inaweza kuonya, lakini pua huizoea baada ya dakika chache. Hemoglobini ya damu huishika monoksidi ya kaboni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Dalili zake za awali ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na usingizi. Katika jiji la Dar es Salaam mtu mwenye dalili hizo atafikiria malaria, na atakuwa na haki kufanya hivyo. Lakini maumivu yanayoanza kila baada ya safari na kupungua mtu anapopumzika mahali penye hewa yanataka gari lipimwe pamoja na damu. Dereva anayesinzia kwa gesi haoni kwamba anasinzia. Hadi tundu lizibwe, gari hilo lisiendeshwe safari ndefu, wala injini isiachwe ikinguruma watu wakiwa wamelala ndani.

Kipimo chake ni chepesi. Usiku, taa yenye mwanga mkali huwekwa ndani ya buti, mlango hufungwa, na mtu huzunguka nje. Panapopenya mwanga, gesi hupenya. Asipoona mwanga asiridhike bado, kwani gesi hupinda mahali ambapo mwanga haupindi. Arudie kijiti cha udi. Gaskiti za taa zaweza kukatwa kwa mkasi kutoka katika povu la raba lisilonyonya maji. Sponji ya godoro haifai, hunyonya maji kama utambi. Vitundu vya nyaya vipate raba zake, na mwisho wa bomba la ekzosi utokeze nje ya bampa.

Baada ya yote hayo, magazeti yakiwa makavu na udi ukipanda wima, huenda ukabaki mluzi mmoja mwembamba ambao haumo katika raba yoyote. Kitazamwe kijiti cha antena kilichofungwa juu ya madigadi. Upepo ukipita kando ya fimbo ya mviringo huachilia vizingia kulia na kushoto kwa zamu, na marudio yake hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa 0.2 na kugawanya kwa unene wa fimbo. Kwa mita 22 kwa sekunde na fimbo ya milimita 4, ni mitetemo 1,100 kwa sekunde, sauti ambayo sikio huisikia vizuri mno. Waya mwembamba ukizungushiwa antena kama mtambaa unavyozunguka mti, vizingia hushindwa kuachana kwa zamu, na mluzi hukoma.